Picha ya Mzee Lum Ukutani

Wazee wetu, ndugu, majirani, nanyi wenzake wa kazi ya filamu, nasoma kwa niaba ya familia mimi Patariki, mkwe wa marehemu, niliyechaguliwa kwa sababu wanawe wanalia na mimi nimeshazoea kutaniwa naye.

Marehemu Ripeka Lum Tūroa alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Ōtaki, mtoto pekee wa mama Mmaori, Te Paea, na baba Mchina, mzee Lum Hing Yau, aliyelima kabichi katika shamba la kukodi kando ya mto, na ndoa yao ilimchukiza babu Hōhepa, baba yake Te Paea, akasema waziwazi kwamba anayekodi udongo wetu hatatundikwa kwenye ukuta wetu. Mzee Lum alipofariki mwaka 1962, picha yake haikuingia katika nyumba hii ya ukoo, ambamo marehemu wetu wote wanatutazama kutoka ukutani, na ya mkewe ilipotundikwa miaka ya baadaye ikakaa peke yake. Ripeka hakudai, kwa kuwa kwetu mtu hamwombei ndugu yake nafasi, husubiri wenye nyumba waseme, lakini kila tulipolala humu sote wakati wa misiba alitandika godoro chini ya picha ya mama yake, akawa anauangalia ule upande mtupu. Iliniuma kumwona.

Alisoma shule ya hapa mjini hadi mwaka 1954, Wamaori wakimwita Mchina na Wachina wakimwita Mmaori, naye akiwapiga wote bila ubaguzi, kisha akalima na baba yake, na tarehe 6 Februari 1965 akaolewa na Hēnare Tūroa, dereva wa lori la maziwa, wakajaliwa Hana, ambaye ni mke wangu, Piripi, na Lum mdogo.

Mwaka 1974 alianza kuigiza, na kwa zaidi ya miaka thelathini filamu zilimtaka nusu nusu, akitakiwa Mmaori anapakwa rangi ya kahawia usoni, akitakiwa Mchina anapewa kibanda cha chai na kuambiwa asicheke sana, akirudi nyumbani anatuambia, "Leo nimekuwa mtu wa Hong Kong, na Auckland kwenyewe sijafika mwaka huu!"

Mwaka 2008 alipewa nafasi ya bibi anayeomboleza katika nyumba ya ukoo, iliyojengwa kwa mbao ndani ya studio, na mafundi walikuwa wametundika ukutani picha kuukuu walizonunua dukani, akagoma mlangoni.

"Jamani, hawa ni marehemu wa nani? Mnataka nimlilie mtu nisiyemjua, wenyewe wakija kumdai je?"

Kesho yake alileta za kwake, na katikati akamtundika mzee Lum na mkewe, mwongozaji akanong'ona kwamba watazamaji watachanganyikiwa.

"Wachanganyikiwe tu, mimi nimeishi hivi miaka sitini na saba na sijafa. Akitoka baba, natoka na mimi."

Mwongozaji akakuna kichwa, akaagiza taa isogezwe upande wa mzee Lum, na uso wa Ripeka siku hiyo haukupakwa kitu.

Filamu ilipoonyeshwa hapa mjini Agosti 2009, mama mdogo Mākere, kitinda mimba wa babu Hōhepa, alisimama gizani na fimbo yake.

"Hee! Shemeji yangu kapata ukuta kwenye sinema, kwetu je? Tunangoja nini, baba afufuke atupe ruhusa?"

Jumamosi iliyofuata mzee Lum alitundikwa ubavuni mwa mkewe, na usiku ule Ripeka alilala humu fofofo, akakoroma hadi tukahamia jikoni, tukacheka mpaka asubuhi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017, akafariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni 2019, mkono wake ukiwa katika wa Hana, akiwa ametuagiza tusilie kupita kiasi kwa kuwa lake lilikwishatimia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni, wenzake wa filamu, na wapishi walioko jikoni tangu juzi, waliopika nyama ya nguruwe kwa mboga ya kwa mama yake pamoja na wali wa kwa baba yake, sahani moja, kama alivyotaka.

Picha za wazazi wake tumezishusha, ziko hapa kichwani pa jeneza lake, tukitoka makaburini zitarudi juu, na mwakani, msiba ukitimiza mwaka kama ilivyo desturi yetu, tutamtundika katikati yao.

Pumzika kwa amani, Mama, ukuta umejaa.