Kitambaa Chekundu Nilichokifunga Mwenyewe

Asifiwe Bwana aliyenitoa kwenye moto! Na nikisema moto, wapendwa wa Kawangware, sisemi ule wa kuhubiriwa. Nasema mafuta ya taa kwenye mtungi wa lita tano, na kiberiti mkononi mwa kijana ninayemjua yeye na mama yake.

Wengi hapa mtaani kwenu Kongo, Kawangware, hamnijui. Mimi ni Mama Mwende, mzaliwa wa Kitui, na nakaa Kibera, Soweto West, kwenye ploti ya milango minane. Kazi yangu ni kufua nguo za watu. Naona mnaniangalia mikono. Ndiyo, ni sabuni hiyo.

Ndugu zangu, mfuaji akiibiwa nguo amekwisha. Pale kwetu waliniibia mashuka ya watu, wakaniibia sweta ya shule, wakaniibia hadi blanketi lililolowa maji! Siku moja jirani akanitania, "Si wewe ni Mkamba? Weka dawa yenu hapo uone kama kuna mtu atagusa." Mnajua vile watu husema juu yetu, kwamba sisi ni wachawi. Nikacheka. Lakini nilipoingia ndani sikucheka tena, nikafikiria.

Nikachukua kitambaa chekundu cha leso iliyochakaa, nikatia mkaa, maharagwe na nyoya la kuku, nikafunga kwa uzi wa katani. Nikakitundika kwenye waya wa kuanika nguo, nikasema kwa sauti ploti nzima isikie, "Atakayegusa nguo zangu atajua Kitui kuna watu!"

Hakikuibiwa hata kitambaa cha pua. Halafu watu wakaanza kuniogopa. Nikifika bombani kuteka maji, wananipisha. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Na mimi, wacha niseme ukweli mbele ya Mungu, nilipenda! Jumapili naimba kwaya, Jumatatu naanika nguo chini ya uongo wangu na kujiona mkubwa.

Jirani yangu wa mlango kwa mlango ni Mama Nafula, Mbukusu, muuzaji wa omena, wale dagaa. Nafula wake ana miaka mitano, mtundu kweli kweli. Siku moja akakirukia kile kitambaa, akakivuta, akakimbia nacho akicheka. Nilitoka nikiwa na hasira. "Rudisha hiyo! Wewe utaona!" Mtoto akakitupa chini akalia. Nikakiokota, nikakirudisha pale pale.

Jumatatu iliyofuata Nafula akaamka na homa. Akatapika kutwa.

Jumanne mama yake akaja mlangoni kwangu, akapiga magoti kwenye matope. "Mama Mwende, nakuomba. Toa hiyo kitu yako kwa mtoto wangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu: ilikuwa uongo wangu! Lakini nilifikiria nini? Nilifikiria nguo. Nilifikiria vile watanicheka. Nikasema, "Sijui unachosema, mama," nikafunga mlango. Yeye akachukua hayo kuwa jibu.

Jumatano mawe yakaanza. Mnajua mabati yakipigwa jiwe ukiwa ndani? Kila jiwe ni kama limekupiga kifuani. Mwende wangu alikuwa chini ya kitanda, ameuma leso asilie. Nikachungulia kwenye tundu la msumari nikaona miguu, miguu, miguu. Halafu nikasikia sauti ya yule kijana wa kiberiti, mtoto niliyemfulia nguo akiwa mchanga. "Tunakupatia mpaka kesho saa sita. Mtoto asipoamka, tunachoma hii nyumba na wewe ukiwa ndani!" Harufu ya mafuta ya taa ikaingia chini ya mlango.

Woi, watu wa Mungu! Nilijikojolea. Ndiyo, mama mzima! Msinicheke, na hata mkicheka ni sawa, mimi nimetoka huko.

Nikawaza kutorokea Kitui. Lakini nikitoroka watasema nimekimbia na roho ya mtoto, na watanifuata. Nikiita polisi, polisi wataondoka na mimi nitabaki. Nikisema ni uongo, nani ataamini wakati jana nimekataa kusema? Nililala kifudifudi kwenye sakafu nikamwambia Mungu, "Shusha mtu." Sikuwa hata na nguvu ya kusema ashuke nani.

Jioni hiyo akabisha mwanamke simjui, na viatu vya mitumba vya kuuza begani vimefungwa kwa kamba. Ni huyu Dada Rispa wenu, mpatanishi wa watu, mnayemwona hapo mbele anaangalia chini. Mwalimu wa nasari ya kwetu alimpigia simu, kwa sababu kule Soweto kila mtu alikuwa tayari na upande wake. Alikuwa ameanzia kwa Mama Nafula, akakaa naye kwanza, halafu akaongea na wale vijana. Kwangu akasema hivi: "Mimi si hakimu. Sitawaambia nani amekosa. Nataka mketi, kila mtu aongee mpaka amalize. Mwenzako amekubali. Wewe je?"

Nikamuuliza, "Na wakiniua njiani?"

Akasema, "Tutatembea pamoja." Akanijibu hivyo tu.

Alhamisi saa tatu asubuhi tukaingia darasa la nasari. Viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nje ya dirisha vijana wamejaa, mtungi uko chini kati yao. Kila mara naangalia ule mtungi.

Dada Rispa akaweka sheria: mwenzako akiongea unyamaze, na kabla ya kujibu, kwanza useme vile mwenzako amesema. Nikaona ni mambo ya watoto. Mama Nafula akaanza. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi. Alikuwa amechoka. Akasema mtoto hanywi hata maji tena. Akasema watu walimwambia asithubutu kumpeleka hospitali, kwamba akidungwa sindano na ile kitu bado iko mwilini, atakufa hapo hapo. Mpaka mwenyewe aliyeiweka aitoe.

Nilikuwa sijui! Siku nne mtoto mgonjwa, mimi nimejifungia nikiogopa moto wangu, sikuuliza hata mara moja kama mtoto ameonwa na daktari.

Dada Rispa akanigeukia. "Mama Mwende, umesikia nini? Sema vile amesema."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Amesema mtoto hanywi maji." Nikasema, "Amesema hajampeleka hospitali." Nikataka kuishia hapo. Akaniambia, "Malizia." Nikasema, "Kwa sababu yangu. Ananingoja mimi." Ndugu zangu, mahubiri nimesikia mengi, lakini sijawahi kuvunjika kama nilivyovunjwa na kurudia maneno ya jirani yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikalia nikasema yote. Nguo, utani, mkaa, maharagwe, nyoya. Mama Nafula akatikisa kichwa. "Unadanganya. Unaogopa wale vijana."

"Naogopa, ndiyo. Twende nikilete kile kitambaa."

Nikapita na Dada Rispa katikati ya wale vijana, nikakitoa kwenye waya. Waliponiona nacho mkononi walirudi nyuma wote, yule wa kiberiti akiwa wa kwanza! Tukarudi darasani, nikakifungua kwa meno mbele ya Mama Nafula, nikamwaga juu ya kimeza cha watoto. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nikachukua mkaa nikautia mdomoni, nikatafuna, nikameza.

Akarudisha ndani ule mguu wa nje. "Ni mkaa tu?"

"Ni mkaa tu, mama."

Hapo ndipo alipopiga nduru. "Siku nne! Siku nne, wewe mwanamke!" Nikajua atanipiga, na nilikuwa tayari. Lakini alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumchukua mtoto.

Hakuniruhusu nimbebe. Nilitembea nyuma yao mpaka hospitali na chupa ya maji, meno meusi. Kumbe ni taifodi. Daktari alimvuta ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama kwa kukosa maji, na akasema kama tungengoja mpaka kesho ingekuwa neno ambalo sitalirudia madhabahuni.

Nafula alipona. Haleluya! Alikaa wodini siku tisa, akatoka mwembamba, mtundu vile vile. Tukaketi tena na Dada Rispa, tukakubaliana: mimi nipige hodi kila mlango wa ploti nikiri uongo wangu, na Mama Nafula awaambie vijana kwa mdomo wake kwamba sina hatia ya uchawi. Tulifanya. Milango saba. Mlango wa tatu walinitemea mate.

Sitawadanganya kwamba sasa tunakula sahani moja. Tunasalimiana. Nikisikia harufu ya mafuta ya taa bado naenda kuchungulia kwenye tundu la msumari. Lakini hakuna aliyechomwa, hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyezikwa. Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mwanamke wa viatu vya mitumba, na upatanishi wa viti vidogo.

Sasa nawaomba nyinyi. Najua hapa ndani kuna watu wawili leo wameketi mbali mbali makusudi. Mnajijua. Msiogope kukaa pamoja. Mtegemeeni Bwana, kila mmoja amfuate Dada Rispa ibada ikiisha, amwambie, "Nitafutie mwenzangu, nimsikize." Mimi nilifunga mlango Jumanne, na mtoto wa mtu akalala mkekani mpaka Alhamisi akiningoja.