Wakili Aliyejua Wakati wa Kuketi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Wakili Mable Wakesho atafunga mlango wa ofisi yake katika Kituo chetu cha Msaada wa Sheria hapa Voi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ameufunga mlango huo mara nyingi, na mara nyingi amesahau funguo ndani. Safari hii tumemwambia azisahau tu. Mimi, Phanice Ajwang', karani wake, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa jarida letu, na niseme mapema kwamba sitaandika bila upendeleo. Mwanamke huyu ananishangaza mpaka leo.

Alizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, katika nyumba ya wakulima. Kwao walitarajia awe mwalimu au muuguzi, maana hizo ndizo kazi walizozoea kuona wasichana waliosoma wakizifanya. Aliposema anataka uwakili, marehemu babake alimuuliza kama anapenda ugomvi kiasi hicho. Akaenda Nairobi, akasomea sheria, akavaa joho, kisha akafanya jambo ambalo wenzake wa jijini hawakulielewa: akarudi nyumbani.

Siku hizo wakili wa kike katika mahakama za upande wetu alikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Siku yake ya kwanza, askari wa zamu alimwelekeza kwenye benchi la nyuma, kwa heshima zote, akimwambia mama angoje pale mpaka kesi ya mwanawe itajwe. Wakesho hakubishana. Aliketi, akasalimiana na akina mama waliokuwa wakingojea wana wao kweli, akasikiliza shida zao, na kesi yake ilipoitwa akavaa joho hapo hapo benchini na kusimama. Inasemekana aliondoka siku hiyo na wateja wengi kuliko mawakili waliokaa mbele.

Kwa miaka mingi alikuwa na kesi Taveta kila wiki, na anayeijua barabara ile anajua kwamba tembo wa Maktau huvuka wanapotaka. Hakimu mmoja mgeni hakusadiki kwamba tembo wanaweza kumchelewesha wakili, akamkanya mbele ya watu. Haukupita muda mrefu kabla mahakama nzima haijamngoja hakimu huyo huyo mpaka jua likawa kali. Alipoingia, vumbi hadi kwenye nyusi, Wakesho aliinama kwa adabu na kuuliza kama tembo hawajambo. Hakimu alicheka, na wakawa marafiki.

Lakini kazi iliyonifanya nimstaajabie zaidi ni ile aliyoifanya kwa wanawake waliomfuata. Wakili Everlyne Ndeti alipojifungua, Wakesho aliomba mahakamani kesi za mama anayenyonyesha zitangulie. Mawakili wengine walinung'unika. Aliwaahidi kwamba yeyote kati yao atakayeanza kunyonyesha, naye atamwombea vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nje, nikimbembeleza mtoto kivulini mwa ukuta, na kicheko nilikisikia kutoka huko. Mtoto yule sasa yuko sekondari, na hataki hata kusikia habari za sheria.

Halafu kulikuwa na mtindo wake wa kuketi. Alimchukua wakili msichana, akamfanya aiandae kesi tangu mwanzo, akaenda naye mahakamani. Kesi ikifika pale patamu, pale ambapo yeye mwenyewe angeng'ara, Wakesho alimwinamia hakimu, akaomba ruhusa mwenzake aendelee, akaketi. Hakuwaonya kamwe. Wasichana wale walikuja kunywa chai mezani kwangu wakitetemeka, nami nikamwambia siku moja kwamba huo ni ukatili. Alinijibu kuwa akiwaonya hawatalala, na wakili ambaye hakulala huuliza maswali mabaya. Nenda leo mahakama yoyote kati ya hapa na Mombasa, utawakuta mawakili wanawake waliosimama mara ya kwanza kwa sababu yeye aliketi.

Hata hivyo, alipokaribia kustaafu, tulikuwa na hofu kubwa. Hatukuwa na wa kumrithi. Waliokuja kuangalia kazi walitazama vumbi la Voi, wakalikumbuka jiji, wakaenda zao. Bila wakili wa kusimama mahakamani, kituo chetu kingebaki mahali pa kutoa ushauri na chai, na wanawake wanaoshuka milimani na kesi za mashamba wangerudi walikotoka. Ndipo akaja Daisy Ndanu, msichana wa hapa hapa Voi, mwenye akili kali na unyenyekevu. Tulishusha pumzi. Kumbe tuliharakisha.

Kesi ilikuwa ya mjane wa kijiji cha Mwanda aitwaye Alice. Shemeji yake, Mwandawiro, alitaka kumtoa kwenye shamba la mteremkoni ambalo yeye na marehemu mumewe walikuwa wakililima, akidai kwamba baba yao hakuwahi kuligawa. Hakimu aliamua kwenda kujionea mwenyewe. Daisy alitangulia asubuhi kwa bodaboda, ukungu ukiwa bado mlimani. Nyumba ya Alice na ya Mwandawiro zinatazamana katika ua mmoja, na kwenye mlango wa mojawapo alisimama nyanya mmoja akimpungia mkono aingie. Daisy akaingia. Akapakuliwa kimanga, yaani viazi na maharagwe yaliyopondwa pamoja, naye mtoto wa watu mwenye adabu akala. Nyanya akamwongezea, akala tena. Nyanya alizungumza Kidawida, lugha ya mlimani, muda wote, na Daisy, ambaye lugha ya kwao ni Kikamba, aliitikia kila neno kwa kutikisa kichwa.

Mahakama ilipofika, Alice alitoka nyumba ya pili na kumwona wakili wake akipangusa mdomo mlangoni pa Mwandawiro. Daisy alikuwa amekosea mlango: nyanya yule alikuwa mama yake Mwandawiro, mama mkwe wa Alice. Kwa watu wa mlimani, anayekwenda kukutetea hatangulii kula kwa anayekushtaki. Alice alisema mbele ya hakimu na majirani wote, "Huyu si wakili wangu tena. Ashalishwa, sasa ni mtu wao." Ziara ikaahirishwa, na upande wa Mwandawiro ulicheka mpaka magari yakaondoka.

Daisy alirudi Voi, akakunja joho lake na kuliweka juu ya meza yangu. Alisema hatarudi mahakamani, kwamba atatafuta kazi Mombasa, ofisi ya bima, mahali ambapo hatamharibia mtu maisha. Nilijaribu kumtuliza nikashindwa. Niliona kituo chetu kinafungwa pale pale, kwa sahani mbili za kimanga.

Wakili Wakesho aliingia, akavuta kiti. Nilingoja amkaripie, na kusema kweli mimi ningemkaripia. Hakumuuliza kwa nini alikula. Alimuuliza nyanya alikuwa akisema nini wakati wa kupakua. Daisy akajibu kwamba hajui, hakuelewa hata neno, ila nyanya alirudia jambo moja tena na tena kwa sauti ya chini, huku akionyesha mteremkoni kwa mwiko. Wakesho akainuka na kutafuta funguo za gari, ambazo bila shaka zilikuwa zimefungiwa ofisini.

Jumamosi walipanda Mwanda pamoja. Walianza kwa Alice. Wakesho hakumtetea Daisy hata kidogo, aliomba tu chakula. Alice alinuna, lakini mgeni akiomba chakula nyumbani kwako utafanyaje? Alipika. Daisy aliomba radhi, akala mpaka sufuria ikabaki tupu, na Alice akamwangalia akila, hasira ikapungua tonge kwa tonge. Ndipo wote watatu walipovuka ua.

Nyanya alikuwa akiwangoja. Alisema kwamba marehemu mumewe aliligawa shamba lile kabla ya kuugua, mteremko akampa babake watoto wa Alice, na mimea ya mpaka aliipanda yeye nyanya kwa mikono yake. Alice hakuwahi kumuuliza, maana mama mkwe haulizwi mambo ya wanawe, na nyanya mwenyewe anakula kwa Mwandawiro. Wanaume waliokuja na makaratasi walizungumza na wanaume. Nyanya alipoona wakili ni msichana, alimwita ndani ampe chakula, apate kumwambia neno bila mwanawe kushuku. Aliyekosea mlango ndiye pekee aliyeingia mahali palipokuwa na ushahidi.

Siku ya kusikilizwa, nyanya alifika mahakamani akiwa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Kidawida ni lugha ya Wakesho. Angeweza kumhoji shahidi yule kama mtu anayezungumza na mamake, na sisi wote tukaondoka tukimsifu. Alimwinamia hakimu, akaomba mwenzake aendelee, akaketi. Daisy alisimama. Kupitia kwa mkalimani, alimwomba nyanya arudie yale aliyomwambia siku ile akimpakulia chakula. Nyanya akayarudia, safari hii kwa sauti ya juu, huku mwanawe akimtazama. Mimi nilikuwa nyuma, nikilia bila aibu.

Alice anaendelea kulilima shamba lake. Nyanya amehamia ng'ambo ya ua, kwa Alice, na habari kutoka Mwanda ni kwamba Mwandawiro huvuka siku za Jumapili kula kimanga huko. Joho la Daisy lilikaa mezani kwangu mpaka asubuhi ya kesi ile, alipolichukua, na halijarudi.

Wiki iliyopita Wakili Wakesho alikwenda mahakamani mara ya mwisho. Hakuvaa joho. Alichagua benchi la nyuma, lile lile la siku yake ya kwanza, katikati ya akina mama. Askari kijana alimfuata, akamwambia kwa heshima zote kwamba mawakili hukaa mbele. Alimshukuru, akabaki pale pale, akimsikiliza Daisy.

Kwa niaba ya kituo chote, kwa niaba ya Alice na wenzake wa milimani, na ya kila mwanamke aliyelivaa joho kwa kukuiga, tunasema asante. Mungu akupe afya, mvua njema Rukanga, na funguo za ziada. Miaka yote hii ulisimama ili wengine wasionewe, ukaketi ili wengine wajue kusimama. Sasa keti, Mama Wakili. Tumesimama.