Bi. Masooma na Mfuko wa Dawa za Kheri

Bi. Masooma Hussainali anastaafu tarehe 30 Juni 2017, baada ya miaka ishirini ya kutoa dawa katika zahanati ya wafanyakazi wa hifadhi ya bahari hapa Kilindoni.

Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, akatarajiwa kuuza vitambaa. Akachagua dawa. Hana haraka, na kwa kweli si mpole. Asiyejibu maswali yake hapati kidonge, awe mkuu wa idara au mfagizi. Wengi tulinuna, kisha tukajibu.

Huku kwetu msafiri haagwi mikono mitupu. Kila jirani humtilia dawa iliyobaki nyumbani. Bi. Masooma aliupiga vita mtindo huo miaka yote na mara nyingi alishindwa. Ni katika safari ya wafanyakazi kwenda Kilimanjaro ndipo alipoukatalia kabisa. Kheri Abeid, nahodha wa boti ya doria, alipokuja kuaga, aliamriwa amwage mfuko wake mezani. Vikatoka vidonge vya usingizi vya shangazi yake, pamoja na vya kuzuia kutapika baharini. Hesabu ya Kheri ilikuwa ya kibaharia: anayetapika hulazwa usingizi, akaamka bandarini. Bi. Masooma alivichukua vyote. Hata dawa ya kukinga ugonjwa wa mlimani alimnyima mpaka aonane na daktari, kwa kuwa Kheri aliwahi kuvimba uso kwa dawa ya malaria yenye salfa, na hii nayo ina undugu na salfa. Daktari naye akamkataza. Bi. Masooma akamwagiza kuwa kichwa kikimuuma na akitapika asipande zaidi, na hali ikizidi ashuke, asijilaze kwa dawa, maana anayelazwa huko juu huenda asiamke.

Kheri aliona ameonewa. Kwenye kambi ya juu akatapika, akaanza kuyumba kama mlevi. Shaabani, mwenzake wa hemani, akamtolea vidonge vyake vya usingizi kwa wema wa kijirani. Kheri alivitamani, lakini akamwita kiongozi wa msafara, wakashuka saa ileile. Walipofika chini, akaomba chai.

Picha ya kileleni hayumo. Kwa muda mrefu tulimwita nahodha aliyekimbia chombo.

Siku hizi wasafiri wetu humpitia Bi. Masooma wenyewe, mifuko wazi. Wachache bado huinama chini ya dirisha lake wakidhani hawaoni.

Bi. Masooma, ahsante sana. Tutakukumbuka, pamoja na maswali yako. Mungu akupe afya na mapumziko ya raha. Kheri mpaka leo analalamika kwamba ulimkosesha kilele. Mkewe, Faraja, ndiye aliyepika pilau ya kukuaga, na hakutaka mtu amsaidie.