Jentrix Naliaka, Mtunza Sarafu, na Barua Isiyo Yake

Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, saa nane mchana, Bi. Jentrix Naliaka, ambaye sisi sote humwita Mama Lenny, anastaafu baada ya kutunza sarafu za kale kwa miaka thelathini na moja na miezi minne katika Nyumba ya Sarafu ya Ngigi, hapa Thika. Mimi ni Waruguru, msaidizi wake kwa miaka sita. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu wake katika programu, mambo mepesi mepesi, ili watu wacheke kabla ya pilau. Nimeanza mara nne na kuchana karatasi mara nne, kwa sababu katika faili ya Mama Lenny mna barua moja ya onyo, na siwezi kuisimulia kazi yake nikaipita barua hiyo kama sijaiona. Tutaifikia. Kwanza vicheko, kama nilivyoagizwa.

Aliajiriwa tarehe 1 Juni 1994, si kama mtunza sarafu bali kama mfagiaji. Mwanzilishi wetu, marehemu Mwalimu Ngigi, alikuwa amekusanya sarafu tangu ujana wake: rupia za fedha, shilingi zenye sura za wafalme, senti kumi za shaba zilizotobolewa tundu katikati. Alijua hadithi ya kila moja. Lakini namna ya kuzihifadhi, jamani! Zote zilikaa ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia, katika ghala kuukuu la kahawa ambalo paa lake lilivuja. Mfagiaji mpya aliona kwamba mikebe iliyo karibu na ukuta wenye unyevu ina sarafu zilizoota kijani, na ile ya katikati ya chumba haina. Akaihamisha yote bila kumwomba mtu ruhusa. Mwalimu alifoka siku nzima. Juma lililofuata alimpa funguo.

Hakuna chuo alichosomea kazi hii. Aliagiza vitabu kwa posta, akavisoma na kamusi kando, kisha akaanza kutusumbua. Makabati ya mbao yalitolewa, kwa sababu mbao hutoa hewa yenye asidi inayochafua chuma, yakaletwa ya bati lililopakwa rangi. Kila sarafu ilipata bahasha yake ya karatasi maalumu. Hakuna kushika sarafu kwa kidole kitupu, na ukiishika, ushike ukingo, si uso. Hakuna chai chumbani. Hakuna mpira wa kufungia noti, maana nao huacha alama nyeusi kwenye sarafu za fedha. Mara tatu kwa siku alisoma kipimo cha unyevu na kuandika kwenye daftari la shule, na kikipanda juu ya arobaini, basi siku hiyo hakuna atakayekaa kwa raha. Madaftari hayo sasa ni tisini na manne. Nimeyahesabu wiki hii, kwa kuwa sikuweza kutulia na kitu kingine.

Wengi wenu mnajua hadithi ya vipakiti. Ndani ya sanduku la viatu vipya huwa mna kipakiti cheupe cha punje za kunyonya unyevu, kile kilichoandikwa kwamba kisiliwe. Mama Lenny aligundua kuwa wauza viatu wa Githurai 45 huvitupa. Akafanya urafiki na Shiko, mwenye kibanda cha viatu karibu na soko, akawa anapita kila Jumamosi kubeba mfuko mzima. Watu wa soko walianza kunong'ona. Wengine walisema ni dawa ya kienyeji, wengine wakasema mama wa watu ameingia kwenye biashara ambayo haifai kutajwa. Haiya! Shiko alilazimika kuapa mbele ya mgambo wa soko kwamba ni punje za viatu tu.

Punje zikishashiba unyevu hazifai tena mpaka zikaushwe kwa moto, na hapo ndipo Musau, jirani yetu mwenye kiwanda cha mikate, alipoingia. Kila mwisho wa mwezi, mikate ikishatoka, Mama Lenny huingiza punje zake kwenye joto lililobaki. Kisha huzipima kwenye mizani ya unga, anazirudisha, anazipima tena, hadi uzito usipungue hata chembe. Musau alilalamika miaka miwili ya kwanza. Siku hizi Mama Lenny akichelewa, yeye ndiye anayepiga simu kuuliza kulikoni.

Na kuna yule mchungaji, ambaye sitamtaja jina kwa sababu atakuwepo sherehe ikifanyika. Alitaka kutushangaza kwa zawadi ya sarafu kumi na mbili za babu yake. Aliona zimepauka, akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi. Mama Lenny alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba radhi, akaenda nyuma ya ghala. Nilimkuta huko amejishika kichwa. Sarafu ikisuguliwa, ngozi yake imetoka, na hakuna wa kuirudisha. Lakini alirudi akitabasamu, akampa mchungaji chai nje ya chumba, na mpaka leo mchungaji anadhani zile ndizo bora kuliko zote tulizo nazo. Samahani, Baba Mchungaji.

Sasa nimeinuka mezani mara tatu tangu aya iliyopita. Nimekwenda kuangalia kipimo, kiko thelathini na nane, hakina shida. Shida ni yangu. Wacha nijikaze kisabuni niseme.

Mnamo Novemba 2023 Mama Lenny alikwenda Bungoma kumzika mamake, akakaa wiki tatu. Mimi nilibaki na funguo kwa mara ya kwanza. Watoto wa shule waliokuja kututembelea walikuwa wakilalamika kila mara kwamba bahasha za karatasi haziwaonyeshi kitu. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana. Nikanunua mifuko laini ya plastiki, ile ya albamu za picha, nikahamisha sarafu zote za shaba za kabati la tatu. Zilipendeza, sidanganyi. Mwenyekiti wa wadhamini wetu, Mzee Gachau, alipita akapiga makofi na kusema hatimaye nyumba hii imepata macho mapya. Nilitembea nimeinua shingo siku nne.

Mama Lenny alirudi. Jambo la kwanza alilofanya ni kunusa. Huyu ni mtu ambaye alipokuja kwangu mtaani Kahawa Sukari alinusa kitambaa cha plastiki cha mezani kabla hajaketi. Aliuliza kama mifuko ile nimeipima. Kipimo chenyewe alishanifundisha: unapasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni, na moto ukigeuka kijani, plastiki hiyo itakuja kutoa sumu ya kuila sarafu. Ni kazi ya dakika tano.

Nilimwambia nimeipima. Nilimwambia moto ulibaki wa kawaida.

Sikuwa nimeipima. Niliogopa kwamba nikisema hivyo atairudisha karatasi, na makofi ya Mzee Gachau yataishia hapo. Yeye alikuwa ametoka kumzika mama, macho yamevimba, na alikuwa amenifundisha kwa miaka minne bila kuniona nikisema uongo. Aliniamini.

Aprili 2024 mnaikumbuka. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya anga. Kipimo kilipanda hadi sitini na moja, punje za Shiko zikashindwa kazi, na asubuhi ya Alhamisi moja Mama Lenny alifungua droo ya kabati la tatu. Senti kumi mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zimelowa utelezi wa kijani ndani ya mifuko yangu. Woi! Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliniomba waya wa shaba. Tukaenda kwenye jiko la gesi tunalopikia chai, akafanya kile kipimo mwenyewe, taratibu, na moto ukawa kijani kabisa. Aliniangalia mara moja. Akazima gesi, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Wadhamini walikuja juu. Wengine walitaka mkusanyiko wote uuzwe kabla haujaoza. Wote walitaka jina la aliyekosea. Mama Lenny aliandika ripoti ya mistari sita, na nakala yake ninayo hapa. Aliandika kwamba yeye ndiye mtunzaji mkuu, na kwamba alikubali mifuko itumike bila kuipima mwenyewe. Hakuna neno la uongo katika mistari hiyo sita. Jina langu pia halimo. Tarehe 14 Juni 2024 akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika miaka yote ya kazi yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake Gitothua kulia. Alikuwa akichambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini nilidanganya, nikamweleza, akasema sababu hiyo ni ya kitoto sana kwa mtu wa umri wangu. Kisha akaniambia niinyamazie. Alisema yeye anaelekea kuondoka na mimi ninabaki, kwamba wadhamini wakijua hawataniachia hata ufagio, na kwamba sarafu zile zitahitaji mtu aliyewahi kuungua. Nilikubali. Nilikubali upesi mno, kabla hata chai aliyonimiminia haijapoa, na hilo ndilo limeninyima amani kuliko hata uongo wenyewe.

Miezi minane iliyofuata aliziogesha sarafu zile moja moja kwa asetoni safi, ambayo huyeyusha ule utelezi bila kuikwaruza shaba. Alizikausha na kuzirudisha kwenye karatasi. Mia moja sabini na moja zimepona. Arobaini na moja bado zina madoa yanayoweza kuamka unyevu ukirudi. Kuuza mkusanyiko hakukutajwa tena. Huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko wote, na ratiba ya sherehe haina hata mstari mmoja juu yake, kwa sababu ukiutaja lazima utaje pia chanzo.

Julai mwaka huu Mama Lenny aliwaomba wadhamini kitu kimoja tu: wamruhusu aje siku mbili kwa juma, hata bila malipo, mpaka mvua za vuli zipite, azilinde hizo arobaini na moja. Ombi lilikataliwa kwa kuzingatia barua ya onyo iliyo katika faili yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao hicho. Niliandika maneno hayo kwa mkono wangu, nikaweka nukta, nikagawa soda.

Tangu siku hiyo nimemwona akifika langoni jioni, akasimama, akarudi kuangalia kipimo, akaenda, akarudi tena. Anatafuta kisingizio. Mara amesahau mwavuli, mara miwani iko wapi, na miwani iko usoni. Sote tumemcheka, na mimi nimecheka kuliko wote ili nisionekane.

Kwa hiyo, Mzee Gachau na wadhamini wote, barua ya tarehe 14 Juni 2024 ni yangu. Mifuko niliinunua mimi, sikuipima, na nilipoulizwa nilidanganya. Naomba barua hiyo itolewe katika faili ya Jentrix Naliaka na iwekwe katika yangu, na ombi lake la Julai lisomwe upya kabla mawingu ya Oktoba hayajafika. Maelezo yangu yenye sahihi yako katika bahasha iliyo juu ya meza yako. Kamati haijauona ukurasa huu. Niliupeleka mwenyewe kwa mpiga chapa, na lawama zake pia nizichukue mimi.

Upande wa pili wa programu hii, namba saba, pameandikwa kwamba Mama Lenny atamkabidhi Waruguru funguo. Sitanyoosha mkono. Akae nazo hadi mtakapoamua, na mkiamua kwamba mimi ndiye wa kuondoka, nitaondoka, na mtakuwa bado mnaye mtu anayejua kazi.

Mama Lenny, ulinikataza na nimekuasi. Ninajua utakuwa umeketi mstari wa mbele na karatasi hii mkononi, umekunja uso. Nikasirikie mbele ya watu wote, nimejiandaa. Asante kwa miaka thelathini na moja. Mungu akupe afya, akuzidishie miaka, na ukifika nyumbani Gitothua leo, ufike ukiwa na jina lako safi kama lilivyokuwa kabla sijaligusa.

Waruguru,
Msaidizi wa Mtunza Sarafu