Bei ya Mandazi ya Mwezi Ujao

Kwenye benchi letu, mkabala na gare ya treni, hakuna anayejua kesho atakula nini, lakini bei ya kesho tunaijua wote. Leo asubuhi kuliwaka moto. Mama Emérance, anayetupikia kahawa na mandazi, ameombwa na kamati ya harusi ataje bei ya mabeseni ya mandazi ya mwezi ujao, na ikishatajwa haibadiliki. Akitaja ndogo, unga ukapanda, atapika hasara na minerval, karo ya shule ya watoto, itakwenda na maji. Akitaja kubwa, harusi itakula mandazi ya mwingine. Maskini, akatuomba sisi mawazo.

— Mama, pandisha! akaanza Papa Dola, anayebadilisha franga sokoni. Mimi naangaliaka vidole vya wenzangu. Wakihesabu dola pole pole, ujue dola iko napanda, na unga inafuata.

— Vidole ni nini? akadakia Kapteni, mchuuzi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ambaye hajawahi kushika usukani wa mtumbwi wowote. Angalia mwezi! Ukijaa, ndagala zinapotea, franga zinapotea, wenye unga wanapandisha bei juu ya hasira.

— Na mwezi ukiisha? akauliza Mama Emérance.

— Ndagala zinarudi, wanapandisha juu ya furaha!

Shefu wa Gare, mstaafu wa reli, akagonga benchi.

— Muache mwezi wenu! Musikilize treni. Ikichelewa, mafuta ya mawese ya kukaangia inapanda.

— Na ikifika saa yake? akauliza Papa Dola.

— Treni yetu ifike saa yake? Papa, siku ile dunia inaisha! Bei itabakia chini namna gani?

— Na Piana-Mwanga je? Kapteni alikuwa amesimama sasa. Mashini zote za umeme zikizunguka kule kwenye maporomoko, migodi ya Manono watachimba usiku na mchana. Muchimbaji anakulaka mandazi kumi! Unga yote itaenda kwao. Haba na haba hujaza kibaba, Mama: piga bei mara mbili kwa pamoja!

— Mungu wangu! Mama Emérance akashika kichwa. Njo mara mbili ao mara tatu?

Mimi mwenyewe nilishaamini mwezi na treni pamoja. Ndipo akafika Mama Lucie wa kamati, akihema.

— Mama Emérance, bei? Nimetoka kwa Papa Anatole na kwa Mama Hélène, nao wanapikaka. Wote wanasema wanangoja kwanza yako. Sasa weye unangoja ya nani?

Kapteni akaketi tena.

Mama Emérance akaangua kicheko.

— Singoje tena muntu! Nipe avansi ya pesa leo, nanunua unga leo, nakupikia kwa bei ya leo.

Mama Lucie akafungua fundo la kitenge, akampa pesa. Nilifurahi kweli.

— Leo? Papa Dola akaruka. Mama ananunua unga leo? Basi kuna kintu amejua!

Benchi likabaki tupu. Tulitimka wote kuelekea duka la unga, mimi mbele, na Mama Emérance nyuma yetu, avansi mkononi, akipiga kelele:

— Muningoje! Sijajua kintu!