Tuliyemrudisha Kaesong

Sogeeni karibu, Gi-beom na Ok-bun, na huo mlango ufungeni, maana majirani wa kisiwa hiki wana masikio marefu na mimi sina tena sauti ya kuwatukana. Nitasema mara moja tu. Ok-bun, acha kulia, utalia vizuri baadaye wakiwepo watu wa kukuona. Sasa sikiliza, kwa sababu kaka yako ni mwepesi wa kusahau na wewe ndiye utakayemkumbusha.

Kwanza mali, maana ndiyo fupi. Nyumba hii ni ya Gi-beom. Mizizi ya ginsengi ya shamba la chini imetimiza miaka sita, ing'oeni kabla baridi haijagandisha ardhi, muiuze yote, na fedha yake imwoze Ok-bun kwa heshima, tena asiolewe na yule mshona nyavu anayepitapita hapa akijifanya amepotea njia. Ndiyo, nimemwona, macho yangu hayajafa. Mkishang'oa msipande tena pale, udongo wa ginsengi ukichoka umechoka, hata wanenu wasiuguse mpaka wakue. Shamba la juu limebakiza miaka miwili, na vile vibanda vya majani juu yake viendelee kutazama kaskazini kama alivyovijenga baba yenu, jua la mchana lisipige miche. Alikuwa mkulima hodari, baba yenu. Kwa hilo simnyimi sifa.

Sasa nije kwenye lile mnalolizunguka tangu nilale hapa. Kaka yenu In-gyu.

Nyinyi hamkuijua Kaesong. Gi-beom alitoka huko akiwa mgongoni mwangu, na Ok-bun alizaliwa hapahapa Ganghwa, kwa hiyo kwenu Kaesong ni ule mlima unaoonekana ng'ambo ya maji siku zisizo na ukungu. Kwangu mimi ni jiko langu. Wajapani walipoondoka, Wamarekani na Warusi wakaigawana nchi, na mstari wao ukapita kaskazini ya mji wetu, juu ya mlima uleule, tukawa watu wa upande wa Marekani bila mtu kutuuliza. Vita vikaja, vikapanda na kushuka nchi nzima, na vilipokwisha mstari ulikuwa umepita kusini yetu. Mji wenyewe haukusogea hata hatua moja. Walituhamisha kwa kalamu.

Baridi ile Wachina waliposhuka tulikimbia sote, mimi, baba yenu, mama mkwe wangu, In-gyu, na Gi-beom mchanga, tukavuka maji tukafika hapa. Tulikuwa tumeokoka, wanangu. Hili lishikeni vizuri. In-gyu alikuwa hapa, kwenye kisiwa hiki, ana miaka saba, anachimba kaa kwenye tope lile pale chini na kurudi mchafu mpaka nyusi. Tulikuwa naye.

Lakini kisiwa kilijaa wakimbizi, watu walichemsha magome ya miti wakala, na homa ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba ikichagua watoto. In-gyu akaanza kukohoa. Kiangazi ndipo ikaja habari kwamba wakubwa wa dunia wamekubali kuketi na kuzungumza amani, na mahali walipopachagua ni Kaesong. Kaesong yetu! Watu walikumbatiana barabarani. Ikatangazwa kwamba hakuna ndege itakayoangusha bomu pale, hakuna jeshi litakalopigana pale, maana wajumbe wanazungumza. Siku hiyohiyo mama mkwe wangu akafunga kifurushi chake.

"Mimi narudi," akasema. "Vibao vya majina ya wazee wetu waliokufa vimekaa peke yao, hakuna wa kuviinamia. Na mjukuu wa kwanza anarudi nami. Yeye ndiye mwenye vibao hivyo, hapa anakaa kufanya nini, kufa?"

"Mama, lakini kule wako Wakomunisti," nikamwambia.

"Na Wamarekani nao wako kule! Wamekaa meza moja wanatazamana. Haya, wewe mwenye akili nyingi, niambie, katika nchi hii yote, ni wapi pengine leo ambapo bomu haliwezi kuanguka?"

Nikamtazama baba yenu anisaidie, naye akawa anakuna kisigino. Akasema, "Mama In-gyu, hapo Mama kasema kweli. Hawawezi kujipiga mabomu wenyewe. Mtoto atalala kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, atakunywa supu ya ginsengi, kifua kitapona. Amani ikitiwa saini tu, sisi nasi tunarudi." Na si yeye peke yake. Familia ngapi za Kaesong zilifanya vilevile, zikachagua mtoto aliye wa thamani kuliko wote, mrithi, zikampeleka mahali palipo salama kuliko pote. Hatukuwa wajinga. Tulifanya hesabu vizuri kama wafanyabiashara tulivyo.

Baba yenu akawavusha kwa mashua maji yalipokupwa. In-gyu hakulia, alifurahi kupanda mashua. Aliniambia nimwangalizie kaa wake kwenye ndoo.

Na kweli bomu halikuanguka. Nisimsingizie marehemu baba yenu. Nyumba za Kaesong zilibaki na vigae vyake wakati Seoul imegeuka kifusi, na hapohapo ndipo tulipoipoteza, kwa kuwa majeshi ya upande wetu yalikatazwa kuikaribia ili wazungumzaji wasisumbuliwe. Wakazungumza miaka miwili. Wakabishana juu ya mateka, wakabishana juu ya vilima, wakabishana bendera ya nani iwe ndefu mezani, ndiyo, watu wazima wenye nyota mabegani. Kisha kila upande ukaambiwa ubaki pale uliposimama, na maji haya mnayoyaona yakafungwa, anayevuka apigwe risasi. Nilisimama pwani na Gi-beom mgongoni nikamuuliza askari wetu, "Amani si ndiyo hii? Mbona sivuki?" Akanijibu, "Mama, hii si amani, ni kusimama tu." Alikuwa kijana mzuri, aliniambia kwa upole.

Ok-bun, nipe maji. Kidogo. Basi.

Baba yenu sikumsamehe. Nilimpikia, nilimfulia, nilimuuguza mpaka alipokata roho, lakini kusamehe sikusamehe, na yeye alijua, ndiyo maana alikuwa akichelewa kurudi kutoka shambani. Wanawake wa hapa wakaanza kuniita Mama Gi-beom, nami sikuitika, wakadhani nina uziwi. Mimi ni Mama In-gyu. Leo namsamehe, nalisema mbele yenu ili mkaliseme kaburini kwake. Waliokuwa na ramani na darubini hawakujua mstari utaangukia wapi, mkulima wa Kaesong angejuaje?

Kisha mwaka jana, mnakumbuka, redio ikasema mkubwa wa Marekani amekwenda Peking, amekunywa pombe na Wachina walewale waliotufukuza kwenye baridi, halafu akaenda na Moscow. Nikajiambia, kumbe wakinywa huko juu na sisi huku tutalowa kidogo. Na kweli, Msalaba Mwekundu wa pande zote mbili wakaanza kutembeleana, eti watafute jamaa waliopoteana. Magari yao yalipita katikati ya Kaesong! Hata vile vipaza sauti vya ng'ambo, vilivyokuwa vikitupigia kelele miaka yote kwamba wao wana nyama, na vya kwetu vikiwajibu kwamba tuna viatu, vikanyamaza. Nilikuwa siwezi kulala kwa ule ukimya. Nikashona koti. Nikamshonea mtoto wa miaka saba, Gi-beom akanicheka, akasema, "Mama, kaka yangu sasa ni mtu mzima, ana ndevu." Nikalifumua nikashona upya, nikikisia mabega. Mpaka leo sijui mabega ya mwanangu.

Na mwezi wa nane huu wamegombana tena, mazungumzo yamekatika. Sababu wanaijua wao. Sisi tunasikia kwenye redio, kama tunavyosikia habari za mvua.

Ndipo akaja yule afisa wa usalama. Gi-beom, usiinamishe kichwa, mimi sina hasira nawe. Ulipata kazi kwenye meli za nje, mshahara mzuri, kilichobaki ni pasi, na yeye akaketi hapohapo ulipoketi wewe, akala pea zangu, akakuuliza, "Una kaka upande ule. Yu hai au amekufa?" Ukasema hujui. Akasema, "Sijui siyo jibu, kijana. Akiwa hai, huendi popote, hata uzuri wako uwe mpaka mawinguni. Akiwa amekufa, pole sana kwa msiba, njoo uchukue pasi yako." Ukanigeukia. Nikaona ulichotaka niseme. Mimi nikamwambia yule mtu mwanangu yu hai, nikasimama, nikamtolea viatu vyake nje.

Tangu siku ile silali. Si kwa ugonjwa huu, huu ni uzee tu. Nimekuwa nikiwaza. Kama huku wanauliza hivi, na kule si wanauliza vilevile? Yupo mtu ameketi sakafuni kwa In-gyu, amekula pea zake, anamuuliza, "Una mama upande wa Wamarekani. Yu hai au amekufa?" Na In-gyu anataka shule, anataka kazi, anataka kuoa. Nimelala hapa nikiomba, wanangu, nikiomba kwa nguvu zangu zote, awe na akili, awe amesema, "Alikufa zamani, kwa bomu." Naomba awe amenizika. Naomba awe amenizika mapema, akapewa daftari na viatu.

Sasa kama namwombea yeye hilo, nawezaje kukunyima wewe?

Subirini. Pumzi... Msiniinue, niacheni hivihivi.

Gi-beom, nenda ofisini ukaseme kaka yako amekufa. Lakini siyo leo. Leo nazungumza, na maadamu nina pumzi hakuna atakayemuua mtoto wangu, wala wewe, wala serikali, wala hao wa Moscow na Washington. Nisubiri kidogo, si mbali. Wakikuuliza alikufa tarehe gani, wape yangu. Wataandika, wao tarehe yoyote inawatosha. Ukatangulie mbele ya jeneza langu kama mtoto wa kwanza, mbele ya watu wote, usione haya. Nimekuruhusu.

Msinizike mlimani nikitazama ng'ambo. Nimetazama vya kutosha, haikusaidia. Nizikeni karibu na shamba la juu, kuna joto.

Mbingu iwalinde. Gi-beom, bahari isikuchukue. Ok-bun, uzae... uzae watoto wakae karibu nawe. Mpendane. Mkigombana, mgombane chumba kimoja.

Na siku hiyo kila mwaka, mkiniwekea meza... Ok-bun, sikiliza wewe, mwanamume hataelewa. Kijiko changu kisimamisheni kwenye wali, kama cha wafu wote. Mwekeeni na In-gyu bakuli lake. Yeye kijiko chake msikisimamishe. Kilazeni tu kando, kama... kama cha mtu aliyechelewa.

Wali wake ufunikeni. Usipoe.