Aje Mwenyewe

Baraza ya mtaa wa Kiponda haina mwenyekiti wala katiba, ila kila akaliaye saruji yake huinuka mjuzi. Baada ya sala ya alasiri Jaku hutua birika lake la kahawa. Usi Redio hushika pembe ya ukuta, sauti yake isikike mpaka uchochoro wa pili. Wakil, ambaye hakusoma sheria hata siku moja ila jina limemvimbisha kichwa, hukaa katikati kukata kesi za watu. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Matar. Mkewe, Mardhiya, aliyekuwa akiuza ubuyu na achari viwanja vya sikukuu, pale karibu na pembea, alifariki Ramadhani iliyopita. Sasa Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, imeshabisha hodi, na Matar ametoka ofisi ya manispaa kuomba pahala pale pale. Akipakosa atasimama nje barabarani, na watoto waliozoea kuulizia ubuyu wa Bi Mardhiya watalisahau hata jina lake. Hilo ndilo alilolihofia.

— Enhe, wamekwambiaje? — aliuliza Wakil.

— Pahala papo. Lakini yule bibi wa dirishani kanambia, "Aje mwenyewe."

— Mwenyewe nani?

Matar aliinamia kikombe. Alimjua vizuri huyo mwenyewe. Kule dirishani alipoulizwa jina la muombaji alilitaja la marehemu, kwa vile ndilo lililoombewa miaka yote, na ulimi haukukubali kutaja jengine. Kulisema hilo barazani aliona haya.

— Hakusema.

— Basi nyepesi hiyo — alisema Wakil. — Mwenyewe ni wewe.

— Si alikuwa kasimama mbele yake? — alidakia Usi Redio. — Mtu unamuona kwa macho yako, umwambie aje mwenyewe? Skizeni nkwambieni. Kiwanja kishanunuliwa. Yupo tajiri, hatajwi. Huyo ndo mwenyewe.

— Kiwanja cha umma kinunuliwe, na pembea zake? — alihoji Wakil.

— Na pembea zake! Na watoto waliomo, wallahi!

Jaku aligonganisha vikombe kuomba nafasi ya kusema.

— Nyote hamjui. Babu yangu alikuwa mlinzi pale. Kile kiwanja kina mwenyewe.

— Kina mwenyewe vipi? — aliuliza Usi Redio.

— Mwenyewe wa chini. Hamjapata kuona pembea inakwenda na haina mtu?

— Upepo huo, yakhe.

— Upepo unacheka? Babu kamsikia akicheka. Huyo anataka ubani na halua, kisha ndo anatoa pahala.

— Hata akiwa jini — alisema Wakil, kidole juu — bila ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi hapewi kibali. Lazima apange foleni na wenzake.

Baraza ikaangua kicheko. Matar naye alicheka, kisha moyo ukamuuma, maana Mardhiya angelikuwa hai angelicheka kuwashinda wote.

Hapo akatokea Amour, mtu wa Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, na kikapu cha tangawizi na iliki alizoagizwa na Jaku. Alitoa salamu, akasogezewa kahawa, akasimuliwa ya kibali na ya "aje mwenyewe", tajiri na jini wakiwemo. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Mie mgeni, mnsamehe — alimwambia Matar. — Pahala hapo umeomba kwa jina la nani?

Katika maneno yote yale hakuna aliyefikiria kuuliza hilo.

— La mke wangu — alisema Matar.

— Basi si umpeleke tu? Ofisi haijafungwa kwa sikukuu.

Jaku alimimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa, ikamwagika juu ya saruji, na hakuna aliyemkemea. Mwishowe Wakil alisema taratibu, bila ya kuinua kidole:

— Mkewe katangulia mbele ya haki, sheikh.

— Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nsamehe, ndugu yangu. — Amour alimshika Matar bega. — Na huyo bibi alipokwambia aje mwenyewe, we ukamjibuje?

Matar alikitua kikombe.

— Nlimwambia, inshaallah, atakuja.